Mguu Umepooza Kulia, Ganzi Iko Kushoto: Uchambuzi wa Kisa cha Jeraha la Ugwe Mgongo

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 29. Amechomwa kisu mgongoni mara moja tu, upande wa kulia, upana wa kidole kimoja kutoka mstari wa katikati, juu kidogo ya usawa wa ncha ya chini ya kombe la bega. Kisu kilichomolewa palepale. Kidonda chenyewe ni mpasuko wa sentimita 2, na damu imeshakauka pembeni. Yu macho, anajibu maswali na anapumua bila shida. Picha ya kifua haionyeshi hewa wala damu nje ya pafu. Ukimfunika shuka hutajua kama ameumia.

Kisha anasema: "Daktari, mguu huu wa kulia hauinuki kabisa. Lakini wenye ganzi ni huu wa kushoto."

Aliyempokea kwanza aliandika kwenye faili: "Dalili haziendani. Huenda ni hofu." Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nikiandike kisa hiki kwa urefu, kwa sababu dalili za mgonjwa huyu zinaendana kuliko za wagonjwa wengi. Ni maelezo sahihi ya ramani ya mfumo wa neva, yametolewa na mtu ambaye hajawahi kuiona ramani hiyo.

Niseme mapema kwamba huyu ni mgonjwa wa kufundishia. Sikumtoa kwenye faili la mtu yeyote. Ila hakuna dalili niliyompa ambayo haimo katika hali inayojulikana, na jina la hali hiyo tutalifikia.

Kilicho salama kwanza

Wanafunzi wengi hukimbilia mguu. Mimi napenda kuanza na visivyoumia, maana navyo vinatoa ushahidi.

Uso wake unacheka na kukunjamana sawasawa pande zote mbili. Macho yanafuata kidole, ulimi unatoka katikati, anameza mate. Kazi hizo hufanywa na baadhi ya jozi 12 za neva zinazotoka kwenye ubongo wenyewe, nyingi kati yake zikichipuka kwenye shina la ubongo. Zote ziko sawa, kwa hiyo shina la ubongo liko sawa.

Anapumua. Kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo huendeshwa na neva zinazotoka shingoni, kwenye vipande vya 3, 4 na 5 vya ugwe mgongo, ile kamba ya neva iliyo ndani ya mgongo (kila kipande ni sehemu yake inayotoa jozi moja ya neva). Ukiukata ugwe juu ya hapo, pumzi inakatika. Ananishika mkono kwa nguvu, kulia na kushoto. Neva za mikono hutoka kipande cha 5 cha shingo hadi cha 1 cha kifua. Basi tumeshapita shingo yote na mwanzo wa kifua bila kukuta hitilafu. Tatizo liko chini zaidi.

Hapa inafaa kutofautisha maneno mawili yanayochanganywa kila siku. Uti wa mgongo ni mifupa, zile pingili unazozigusa ukipitisha kidole mgongoni. Ugwe mgongo ni kamba laini inayopita ndani ya tundu la pingili hizo. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 45 hivi, na eneo la kifuani unene wake haufiki wa kidole kidogo cha mkono wa watu wengi. Kwenye ugwe huo hutoka jozi 31 za neva: 8 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za nyonga na 1 ya kifandugu. Ubongo na ugwe pamoja huitwa mfumo mkuu wa neva. Neva zote zinazotoka hapo kwenda kwenye ngozi, misuli na viungo vya ndani ni mfumo wa neva wa pembeni.

Ugwe ni mfupi kuliko uti. Unaishia kwenye pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno, na chini ya hapo tundu lina neva tu zinazoning'inia mithili ya mkia wa farasi. Kwa sababu hiyo namba za vipande vya ugwe hazilingani na namba za pingili. Kisu kimeingia usawa wa pingili ya 6 ya kifua, lakini ugwe kilioukuta hapo ni kipande cha 8. Asiyejua hili hupima ganzi ya ngozi, akaona inaanzia chini ya kidonda, akadhani kuna majeraha mawili.

Pini, uma wa sauti na kidole gumba

Upimaji wenyewe hauhitaji mashine. Unahitaji pini safi, kitu cha chuma kilichokaa mahali pa baridi, kinyundo, uma wa sauti wa hezi 128, na subira.

Nguvu: mguu wa kushoto unainuka, unakunja na kusukuma kama kawaida. Wa kulia umelala. Anaukazia macho, jasho linamtoka kwenye paji la uso, lakini hata kidole hakitikisiki.

Pini: naanzia unyayo wa kushoto. Hasikii ncha. "Nasikia unanigusa," anasema, "lakini hainichomi." Napanda mdogo mdogo: muundi, goti, paja, kinena. Bado ni mguso tu. Nikifika usawa wa kitovu anashtuka: "Hapo!" Chuma baridi nacho kinatoa jibu lilelile, chini ya kitovu upande wa kushoto hakuna baridi wala moto. Narudi mguu wa kulia, ule uliopooza. Pini inapogusa unyayo anaruka kwa mabega na kusaga meno. Anaisikia vizuri mno, pengine kuliko kawaida.

Uma wa sauti: naugonga, nauweka kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Anasikia mtetemo. Nauweka kulia, anasema ni chuma kimetulia.

Kidole gumba cha mguu: namwambia afumbe macho, nakishika pembeni kwa vidole viwili na kukisogeza juu au chini. Kushoto anapatia kila mara. Kulia anabahatisha. Mara moja alisema "juu" nami nilikuwa bado sijakisogeza.

Kwa hiyo mguu wa kulia umepoteza mwendo, mtetemo na habari ya mahali ulipo, lakini unajua maumivu na joto. Wa kushoto una mwendo, mtetemo na habari ya mahali, lakini maumivu na joto havimo. Aliyeandika "haziendani" aliishia hapa.

Njia tatu, mivuko miwili

Siri yote iko kwenye swali moja: kila njia ya neva huvuka upande wa pili mahali gani?

Anza na amri ya kuinua mguu. Inatoka kwenye gamba la ubongo, kwenye ukanda wa mwendo, na kwa mguu wa kulia inatoka ubongo wa kushoto. Nyuzi zake zinateremka hadi sehemu ya chini kabisa ya shina la ubongo, yaani medula, na hapo takribani asilimia 90 zinavuka kwenda upande wa pili. Zikishavuka zinateremka ndani ya ugwe upande uleule wa mguu zitakaouendesha. Zikifika kiunoni zinakabidhi ujumbe kwa seli nyingine, na hiyo ndiyo inayotuma uzi wake nje hadi kwenye msuli. Kwa hiyo kisu kikikata nusu ya kulia ya ugwe pale kifuani, kinakata amri ambayo ilishavuka zamani. Mguu unaopooza ni wa kulia.

Njia ya pili inapanda. Seli inayobeba habari ya mtetemo na mahali kiungo kilipo ina mwili wake kwenye fundo dogo kando ya ugwe. Tawi lake moja linakwenda hadi kwenye kidole cha mguu, na jingine linapanda ndani ya ugwe, nyuma, bila kituo, hadi kwenye medula. Ni seli moja tu. Kwa mtu mrefu inaweza kuzidi mita moja na nusu, kutoka kidoleni hadi chini ya kisogo, na kila ninapofundisha jambo hili nalistaajabia upya. Kwenye medula inakabidhi ujumbe kwa seli ya pili, nayo ndiyo inayovuka. Maana yake, kifuani habari hii bado haijavuka. Kisu cha kulia kinaikata kulia.

Njia ya tatu ndiyo yenye tabia yake. Nyuzi za maumivu na joto zikiingia kwenye ugwe hazisubiri. Zinakabidhi ujumbe palepale, na seli ya pili inavuka katikati ya ugwe ndani ya kipande kimoja au viwili, kisha inapanda upande wa pili hadi thalamasi, kituo cha kupokelea hisi kilichomo ndani ya ubongo. Maumivu ya mguu wa kushoto yakifika kifuani yameshakuwa upande wa kulia. Kisu kilichopita kulia kimeyakuta humo na kuyakata. Maumivu ya mguu wa kulia yako upande wa kushoto wa ugwe, ambao haukuguswa.

Ndiyo maana ganzi ya kushoto haikuanzia kwenye kidonda. Imeanzia karibu na kitovu, ngozi inayohudumiwa na kipande cha 10 cha kifua, kwa kuwa nyuzi zilizoingia juu yake zilikuwa bado hazijafika upande wa kisu. Mguso mwepesi haukupotea kabisa popote, kwa kuwa unapanda kwa njia zote mbili za hisi, ya pili na ya tatu.

Kuna utepe mwembamba wa ngozi ambao hupatikana tu ukiutafuta. Upande wa kulia, kati ya chembe cha moyo na kitovu, kuna mstari wa vidole viwili hivi ambapo hasikii chochote, si pini, si baridi, si mguso. Hapo kisu kimeharibu mahali nyuzi za kipande cha 8 zinapoingilia, kabla hazijaachana kila moja na njia yake. Nikiulizwa nichague dalili moja ya kuweka muhuri kwenye kisa hiki, nitachagua utepe huo. Mtu anayejifanya mgonjwa hawezi kuubuni.

Hali hii hubeba jina la daktari Charles-Édouard Brown-Séquard, aliyezaliwa Port Louis, Morisi, mwaka 1817, akafa Paris mwaka 1894. Karibu na mwaka 1850 alikuwa akikata nusu ya ugwe wa wanyama na kuangalia kinachopotea. Wakati huo ilidhaniwa kwamba hisi zote hupanda kwa sehemu ya nyuma ya ugwe. Yeye akaonyesha kwamba kuna hisi zinazovuka ndani ya ugwe wenyewe.

Sasa jaribu kuweka jeraha mahali pengine uone kama linakubali. Lingekuwa kiharusi cha ubongo wa kushoto, udhaifu na ganzi vingekaa upande mmoja, kulia, na kwa kawaida mkono au uso vingeguswa pia. Lingekuwa kwenye shina la ubongo, usoni au kwenye macho kungekuwa na la kusema. Ingekatika neva moja ya mguu, ganzi na udhaifu vingekuwa kwenye mguu uleule na kwenye eneo la neva ile tu. Ugwe ungekatika wote, miguu yote miwili ingelala. Inabaki nusu moja ya ugwe, ya kulia, kipande cha 8 cha kifua. Ubongo wake, wenye uzito wa kilo 1.4 hivi na seli za neva zipatazo bilioni 86, hauna hata mkwaruzo.

Goti linalonyamaza, kisha linaruka

Siku ya kwanza nilipogonga kano chini ya pia ya goti la kulia, mguu haukutikisika. Hili huwachanganya watu. Mruko wa goti hauhitaji ubongo: kinyundo kinanyoosha msuli, uzi wa hisi unaingia kwenye ugwe kiunoni, unagusana na seli ya mwendo kwenye sinapsi moja, yaani mahali seli moja inapoikabidhi nyingine ujumbe, na amri inarudi kwenye paja. Mzunguko huo wote uko chini ya jeraha na hakuna kilichokatika ndani yake. Mbona umenyamaza?

Ni mshtuko wa ugwe. Seli za chini, zikinyimwa ghafla ujumbe uliokuwa ukiteremka kutoka juu mchana na usiku, huzimika kwa siku au majuma. Zikiamka, zinaamka bila msimamizi. Sehemu kubwa ya kazi ya ubongo kwenye misuli ni kuzuia. Kizuizi kikiondoka, kila kinachoguswa kinaruka. Juma la tatu goti lake la kulia lilipiga teke kinyundo kilipogusa tu, na msuli wa paja ukawa mgumu kama uliojaa mkazo.

Nilipokwaruza unyayo wa kulia kuanzia kisigino, kidole gumba kilipanda juu badala ya kujikunja. Daktari Joseph Babinski aliieleza ishara hiyo mwaka 1896. Kwa mtoto mchanga ni jambo la kawaida, kwa kuwa njia yake ya amri haijavikwa mayelini ipasavyo, lile tabaka la mafuta linalouzungushia uzi wa neva na kuuharakisha. Nyuzi nene zenye mayelini hupitisha ujumbe kwa kasi inayoweza kufika mita 120 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba zisizo nayo, zinazobeba maumivu ya polepole, hazifiki hata mita 2 au 3. Ndiyo maana ukijikwaa kidole unajua umejikwaa kwanza, na maumivu yenyewe yanakuja nyuma, wakati wewe umeshaanza kukunja uso.

Upande usio wa hiari

Mguu wa kulia una joto na wekundu zaidi kidogo kuliko wa kushoto. Mishipa ya damu hubanwa na neva za simpathetiki, moja ya makundi mawili ya neva yasiyoongozwa na hiari, zinazotoka kwenye ugwe kati ya kipande cha 1 cha kifua na cha 2 cha kiuno. Amri zinazoziendesha huteremka ndani ya ugwe, na kulia zimekatwa, mishipa ikalegea. Jeraha lingekuwa juu zaidi na limekata pande zote, kulegea huko kungeenea mwili mzima, presha ya damu ikaanguka na mapigo ya moyo yakapungua, jambo linaloua. Yeye presha yake ilishuka kidogo siku ya kwanza, ikajirudi.

Kibofu kilimsumbua zaidi. Kukojoa kunahitaji neva za parasimpathetiki, kundi la pili, kutoka vipande vya 2 hadi 4 vya nyonga, zikiratibiwa na shina la ubongo. Alijaa mkojo bila kuweza kuutoa, akawekewa mpira. Nusu ya ugwe ikibaki, kibofu mara nyingi hurejea, na chake kilirejea juma la pili.

Matibabu sitayapamba. Kitu kilichomchoma mtu kikiwa bado ndani hakichomolewi nje ya chumba cha upasuaji, na kipimo cha MRI, kinachotumia sumaku kali, hakifanywi kabla ya kujua kama kuna kipande cha chuma kilichobaki. Kwake hakikuwepo. Maji ya ugwe hayakuvuja, kidonda kikasafishwa, akapata kinga ya pepopunda. Dozi kubwa za steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, hazipendekezwi kwa majeraha ya kuchomwa. Aligeuzwa kila saa 2 ili asipate vidonda vya kulalia, akapewa dawa ya kuzuia damu kuganda miguuni, na mazoezi ya viungo yakaanza mapema.

Kosa letu lilikuja siku ya tisa. Aliwekewa beseni la maji ya moto aoshe miguu akiwa amekaa kitini. Alitangulia kutumbukiza wa kushoto, kwa kuwa ndio uliomtii. Alikaa hivyo dakika kadhaa akizungumza. Ulipotoka, unyayo ulikuwa mwekundu na malengelenge mawili yameshainuka pembeni mwa kisigino. Aliyatazama kwa mshangao, akabonyeza moja kwa kidole, akasema, "Hili la nani?" Sote tulikuwa tumeshughulika na mguu uliopooza, na ule uliokuwa hatarini zaidi ni ule unaotembea.

Anaporudi kutembea

Katika majeraha yote ya ugwe yasiyoukata wote, hili la nusu ndilo lenye matumaini makubwa. Wagonjwa wake wengi hutembea tena. Sababu si kwamba nyuzi zilizokatwa huota upya. Neva ya pembeni ikikatwa huweza kuota kwa kama milimita 1 kwa siku, ikiongozwa na seli za Schwann zinazoizunguka. Ndani ya ugwe mambo ni mengine: mazingira yake, pamoja na kovu linaloachwa na jeraha, huzuia uzi usisonge mbele. Kinachorudisha mguu ni uvimbe unaopungua na kuziachia nyuzi zilizobanwa tu bila kukatwa, pamoja na nusu iliyobaki kujifunza kazi ya ziada. Ile asilimia 10 ya nyuzi za mwendo ambazo hazikuvuka kwenye medula hapa huenda zina mchango wake.

Kwake, misuli ya kunyoosha nyonga na goti ilitangulia. Kifundo cha mguu kilichelewa. Mwezi wa tatu alitembea kwa fimbo mchana bila shida, lakini taa ikizimwa aliyumba na kutafuta ukuta. Mguu wa kulia ulikuwa bado haumpi habari ya mahali ulipo, na macho yalikuwa yakiifanya kazi hiyo kwa niaba yake.

Maumivu na joto la mguu wa kushoto havikurudi. Siku ya mwisho nilipomwona, mbele yake kulikuwa na beseni. Aliinua mguu wa kulia kwa shida, akishikilia paja kwa mikono miwili, akachovya ncha ya kidole. Akasubiri. "Yanafaa," akasema, kisha akautumbukiza wa kushoto.